Anza na ile kazi unayoikimbia: mwongozo kamili wa kuacha kupiga danadana

Kila nikiongea na mtu kuhusu kuahirisha mambo nasikia hadithi ileile, eti "hiyo ya kuanza na kazi mbaya asubuhi nilishaijaribu, nikaenda nayo siku tatu, ya nne nikashtukia ni saa tano na bado nasoma meseji". Na mimi nilishindwa hivyohivyo, tena siyo mara moja. Ila ukikaa ukaangalia vizuri wapi watu wanateleza, karibu wote wanateleza palepale: wanaamka kwanza ndiyo waanze kutafuta leo waanze na kazi gani. Sasa saa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa kuchagua, maana anayechagua ni yuleyule anayetaka kukimbia. Ni kumkabidhi fisi bucha.

Kwa hiyo huu mwongozo unaanza jioni. Asubuhi ni sehemu ndogo tu, na ukiifanya jioni vizuri asubuhi inakuwa haina maneno mengi.

Ile kazi unayoikimbia nitaiita mwiba. Mwiba hauhitaji kuwa mkubwa ili uchechemee siku nzima.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari dogo na kalamu. Karatasi kabisa, siyo simu. Ukifungua simu uandike orodha utarudi baada ya nusu saa na orodha hujaandika.
- Saa ya kengele au taima yoyote ambayo haiko kwenye simu. Hata ya kizamani ya kuzungusha kwa mkono inatosha.
- Sehemu ya kuiacha simu ambayo ili uifikie lazima usimame na utembee. Kuigeuza kifudifudi mezani hakuhesabiki.
- Dakika 15 jioni na dakika 30 hadi 60 mwanzo wa siku. Nikisema asubuhi namaanisha mwanzo wa siku yako wewe, kama unafanya kazi usiku basi "asubuhi" yako inaweza kuwa saa kumi jioni, haina shida.
- Mtu mmoja ambaye unaweza kumtumia neno moja tu, "nimemaliza", bila yeye kuuliza maswali mengi.

Basi. Huhitaji programu ya kulipia wala daftari la bei kubwa lenye maneno ya kutia moyo kwenye jalada. Kutafuta daftari zuri kabla ya kuanza ni danadana nyingine hiyo, na naijua vizuri kwa sababu ninayo manne na yote ni matupu.

## Hatua ya 1: Mwaga kila kitu kwenye karatasi (jioni, dakika 10)

Kaa, weka taima dakika 10, andika kila kitu unachodaiwa kufanya. Cha kazini, cha nyumbani, simu ya kupiga, fomu ya kujaza, deni, miadi na daktari. Usipange na usiweke namba, andika tu kama kinavyokuja.

Kwa nini: kazi ikiwa kichwani haina ukubwa, inaelea tu na inatisha. Ikishuka kwenye karatasi inakuwa mstari mmoja kati ya mistari kumi na minne.

Angalia: usianze kufanya chochote hapohapo hata kama ni cha dakika moja. Ukianza kujibu meseji ndogondogo hii hatua imeshakufa.

Umefanikiwa ukiona: umekaa dakika mbili za mwisho bila kipya kinachokuja kichwani.

## Hatua ya 2: Utafute mwiba kwenye orodha

Hapa ndipo wengi wanakosea wakidhani mwiba ni ile kazi kubwa kuliko zote, au ile muhimu kuliko zote. Siyo lazima. Kuna watu wanaandika ripoti ya kurasa hamsini bila shida yoyote lakini wana barua moja hawajaifungua mwezi wa pili sasa. Mwiba ni ile unayoiruka.

Njia yangu ya kuupata ni ya kishamba kidogo ila haijawahi kuniangusha: isome orodha kwa sauti, taratibu, kutoka juu mpaka chini. Kuna mstari mmoja utausoma haraka kuliko mingine. Sauti inateremka, jicho limeshafika mstari unaofuata kabla mdomo haujamaliza. Rudi kwenye huo mstari na uuzungushie duara.

Dalili nyingine: umeuhamisha kwenye orodha tatu mfululizo, ukiufikiria tumbo linakaza, au kila unapotaka kuugusa unapata hamu ya ghafla ya kupanga kabati.

Angalia: mwiba mmoja tu kwa siku. Mmoja. Najua ukiwa na hamasa utataka kuzungushia mitatu, usifanye hivyo, kesho asubuhi ile mitatu itakuwa ukuta na utarudi kwenye simu.

## Hatua ya 3: Uulize unachoma wapi

Hii hatua ndiyo wanayoiruka karibu wote na ndiyo inayobeba zoezi zima, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 2013 watafiti wawili wa saikolojia, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, walieleza kwamba kuahirisha ni namna ya kujituliza hisia kwa muda mfupi. Yaani hukimbii kazi, unakimbia jinsi unavyojisikia ukiikaribia. Ndiyo maana kupewa ratiba nyingine hakumsaidii mtu, ratiba haitulizi hisia. Na ndiyo maana anayeahirisha siyo lazima awe mvivu, siku hiyohiyo anayokimbia kazi moja anaweza kuosha nyumba nzima, kufua na kujibu meseji arobaini.

Sasa kwenye karatasi, pembeni ya ule mstari uliozungushia duara, andika neno moja: nini kinachoma? Mara nyingi ni kimoja kati ya hivi.

Sijui pa kuanzia. Hii ni rahisi kuliko zote lakini inajificha vizuri, inajifanya uvivu. Dawa yake ni kwamba mwiba wa kesho siyo kufanya kazi yenyewe, ni kuandika maswali matatu ambayo huna majibu yake na jina la mtu wa kumuuliza. Hiyo peke yake ndiyo kazi ya asubuhi.

Inaboa. Kujaza majedwali, kupanga risiti, kusahihisha. Hapa hakuna siri, unahitaji muda mfupi na kitu kitamu baada yake, tutafika hatua ya 8.

Naogopa matokeo. Kuomba kazi, kupeleka andiko, kwenda kupima. Tenganisha sehemu iliyo mikononi mwako na isiyo yako. Kutuma maombi ni yako, kukubaliwa siyo yako. Kwenye daftari andika ile yako tu.

Aibu. Hii ndiyo mbaya maana inazaliana. Nikuonyeshe ya kwangu. Nilichukua kazi ya kutafsiri kurasa 12, nikachelewa siku mbili. Mwenye kazi akaandika kuuliza, nikasema nitamjibu nikimaliza ili nimjibu na kazi mkononi. Sikumaliza. Akaandika tena. Sasa nikawa na deni mbili, la kazi na la jibu, na kila siku ikipita jibu linatakiwa liwe refu zaidi kueleza kimya chote kile. Siku 19. Nilikuwa nikiona jina lake kwenye simu naigeuza. Asubuhi niliyoandika, nilichoandika ni hiki: "Samahani, nimechelewa na nimekukalia kimya, kosa ni langu. Kurasa 8 ziko tayari nakutumia leo, 4 zilizobaki Alhamisi jioni." Dakika sita, pamoja na kufuta na kuandika upya. Akajibu: "Poa, asante. Nilidhani unaumwa."

Siku 19 kwa dakika sita. Na usisahau kurasa 8 zilikuwa tayari muda wote huo!

Kwa hiyo dawa ya aibu ni meseji fupi yenye vitu vitatu: samahani moja (moja tu), kilicho tayari sasa, na siku ya kilichobaki. Usieleze sababu. Sababu ndizo zinazofanya meseji isiandikike.

Umefanikiwa ukiona: pembeni ya mwiba kuna neno moja, na ukilisoma unasema "aah, kumbe ni hicho".

## Hatua ya 4: Ukate mpaka uwe kitendo cha mkono

Rudi kwenye ule mstari, uuandike upya. "Kumaliza ripoti" siyo kitu ambacho mkono unaweza kufanya. "Kushughulikia mambo ya bima" pia siyo.

Kipimo ni hiki: mtu akikuchungulia dirishani, anaweza kuona unachofanya? Akikuona unapiga namba, unafungua bahasha, unaandika sentensi tano, hapo sawa. Akikuona umekaa "unashughulikia", bado haujakatwa.

Mifano:

- "Kumaliza ripoti" → fungua faili, nenda sehemu ya pili, andika aya moja mbaya kuhusu matokeo ya mwezi wa kwanza.
- "Mambo ya bima" → toa barua kwenye droo, ifungue, pigia mstari tarehe ya mwisho.
- "Kuongea na bosi" → andika sentensi mbili utakazoanza nazo, halafu mtumie ombi la dakika kumi.

Ona nimesema aya *mbaya*. Ruhusa ya kuandika vibaya ni ya lazima kwa watu wa ukamilifu, wale ambao hawawezi kwenda sentensi ya pili kama ya kwanza haijang'aa. Kusahihisha ni kazi ya mchana.

Wiki ya kwanza chagua vipande vinavyoisha ndani ya dakika 30. Halafu jua kwamba makadirio yako ni ya uongo, siyo wewe tu, Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika hili mwaka 1979, kwamba watu wanakadiria muda mdogo kuliko kazi inavyohitaji hata wakiwa wameshafanya kazi za aina hiyo na zikachelewa. Ukidhani ni dakika 15, tenga 30. Ila kwa miiba ya aibu mara nyingi inakuwa kinyume, unadhani saa nzima kumbe dakika sita. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

## Hatua ya 5: Tega mtego usiku

Kabla ya kulala andaa meza kama unamwandalia mtu mwingine asiyejua chochote. Faili liko wazi kwenye kompyuta, vingine vyote vimefungwa. Au barua iko mezani, kalamu juu yake. Namba ya kupiga imeandikwa kwa herufi kubwa.

Halafu andika sentensi moja ya "nikisha": *Nikishatoka kuoga na kukaa kwenye kiti, nafungua ile barua.* Siyo "kesho asubuhi nitajitahidi". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba watu wanaofunga nia yao kwenye wakati na mahali, kwa mtindo huo wa "ikitokea hivi nafanya hivi", wanatekeleza zaidi kuliko wanaokusudia tu. Na kuna majaribio ya E. J. Masicampo na Roy Baumeister ya mwaka 2011 yaliyoonyesha kwamba kazi isiyoisha inasumbua akili, lakini ukiiwekea mpango mahususi usumbufu unapungua hata kabla hujaigusa. Mimi naiona hii kwenye usingizi kabisa.

Angalia: simu ilale chumba kingine. Kama huna chumba kingine, kwenye begi, begi limefungwa zipu, mbali na kitanda. Kama unaitegemea simu kwa alamu basi ndiyo sababu ya ile saa ya kengele kwenye orodha ya vifaa.

## Hatua ya 6: Asubuhi, kabla ya kitu chochote chenye kioo

Amka, fanya ya mwili (oga, vaa, kama unasali sali), kaa. Usiguse simu. Hata "nicheki tu mara moja kama kuna dharura". Tatizo siyo zile dakika, tatizo ni kwamba ukishasoma meseji za watu kichwa kinakuwa na kazi za watu, na ile yako inarudi nyuma ya foleni.

Weka taima dakika 10. Siyo saa nzima, kumi. Jiambie ikilia una ruhusa kamili ya kuacha, na iwe ruhusa ya kweli, siyo ya kujidanganya, maana akili ikishakukamata unadanganya mara moja kesho haikubali.

Dakika tatu za kwanza ni mbaya, nakwambia mapema usije ukadhani unakosea. Utasikia kiu, utakumbuka kitu cha mwaka jana, mgongo utawasha, kiti kitakuwa siyo chenyewe. Kaa tu. Mkono ufanye kile kitendo ulichokiandika, kichwa kiendelee kulalamika, wala huhitaji kukinyamazisha. Kwangu malalamiko yanapungua nikishafika sentensi ya tatu au ya nne, kwako pengine ni dakika ya tano.

Taima ikilia chagua: acha, au ongeza 20. Wengi wanaongeza. Ukiacha pia umeshinda, kwa sababu mwiba umeguswa na kesho hauna sura ileile.

## Hatua ya 7: Ukikwama katikati

Weka karatasi tupu pembeni. Kila wazo la kukutoa ("nimtumie fulani zile picha", "hivi mvua itanyesha") liandike hapo kwa maneno mawili, rudi kwenye kazi. Utalifanya baadaye, na robo tatu ya hayo mawazo baadaye utayaona hayana maana yoyote.

Ukikwama kwa sababu kuna kitu hukijui, usifungue intaneti kukitafuta. Weka alama ya kuuliza, ruka, endelea. Kutafuta kunaanza na swali moja la kazi na kuishia kwenye video ya mtu anayejenga bwawa kwa mikono.

## Hatua ya 8: Funga vizuri, halafu ujipe kitamu

Ukimaliza fanya mambo matatu, dakika mbili tu. Kata ule mstari kwa kalamu, kwa nguvu. Kama kazi bado inaendelea, andika mahali ulipofika na sentensi ya kuanzia kesho. Tuma "nimemaliza" kwa mtu wako.

Halafu ndiyo simu. Ndiyo, simu, meseji, kuperuzi, chochote unachokifanya bila kulazimishwa. David Premack alionyesha mwaka 1959 kwamba kitendo mtu anachokipendelea kinaweza kutumika kama zawadi ya kile asichokipendelea, ili mradi kije baada. Wewe umekuwa ukianza na zawadi halafu unashangaa kazi haiji.

## Hatua ya 9: Siku utakayoshindwa

Itakuja, pengine wiki ya kwanza tu. Utaamka umechelewa, utashika simu, mwiba utabaki.

Usijitukane. Na hii siyo maneno ya kubembeleza. Michael Wohl na wenzake mwaka 2010 walifuatilia wanafunzi wa chuo walioahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza, na waliojisamehe ndio walioahirisha kidogo kabla ya mtihani uliofuata. Ukijitukana unaiongezea kazi hisia mbaya nyingine, na wewe unakimbia hisia, si tumeshaona.

Fanya hivi: mchana huohuo gusa mwiba dakika tano tu, hata usipomaliza. Jioni endelea na hatua ya 1 kama kawaida.

Ila mwiba uleule ukikushinda asubuhi tatu mfululizo, usijaribu ya nne kwa njia ileile. Rudi hatua ya 3, neno uliloandika siyo lenyewe. Mimi mara nyingi naandika "inaboa" kumbe ni woga. Na wakati mwingine jibu la kweli ni kwamba hii kazi siyo yako, uliikubali kwa kuona haya, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Hapo kitendo cha kesho asubuhi ni kumpigia mwenyewe umwambie hutaifanya.

## Wakati njia hii haifai

Kama kuna dharura ya kweli asubuhi, mtoto anaumwa, mfumo wa kazini umeanguka, shughulikia hiyo. Usijifanye askari.

Kama asubuhi kichwa chako hakifanyi kazi kabisa na unajua saa zako nzuri ni za jioni, weka mwiba mwanzo wa hizo saa zako nzuri. Cha msingi uwe wa kwanza kwenye hizo saa.

Na kama kila kitu kimekuwa mwiba, mpaka kuoga, mpaka kupokea simu ya mtu unayempenda, na imekwenda wiki kadhaa hivyo, au tangu utotoni hujawahi kuweza kutulia kwenye kitu hata ukikitaka, daftari halitoshi. Muone daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Sonona na matatizo ya umakini yanatibika, na kupambana nayo kwa taima ni kujichosha bure.

## Utajuaje inafanya kazi

Usihesabu umemaliza kazi ngapi. Baada ya wiki mbili fungua daftari kurasa za mwanzo, utafute ule mstari wa kwanza uliouzungushia duara. Halafu soma orodha mpya uliyoiandika leo jioni kwa sauti kama hatua ya 2 inavyosema. Bado kutakuwa na mstari unaousoma haraka haraka, hilo haliishi, ila uangalie huo mstari umekaa siku ngapi bila kuguswa. Wangu wa siku ile ulikuwa na siku 19. Wa jana jioni ulikuwa na siku mbili, na ni simu ya kupiga, namba iko hapa mezani.